Mwalimu Luthuli, na jeraha la kichwa lililosubiri miaka 58

Durban, mtu aliyeumia vibaya kichwani huenda akapelekwa Cato Manor, kwenye hospitali kuu ya rufaa iliyofunguliwa 2002. Hapo madaktari wa ubongo hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinena, wakaupandisha hadi shingoni, wakamimina dawa ili picha ionyeshe mshipa gani umechanika au umevimba kama puto. Huuziba kwa waya laini wa platinamu, au hufungua fuvu wakaubana kwa kibanio kidogo. Mshipa ulioumia waweza kunyamaza siku kadhaa kisha ukapasuka ghafla, ndiyo maana hawapendi kungoja.

Hospitali hiyo inaitwa Inkosi Albert Luthuli. Inkosi ni chifu kwa Kizulu. Vijana wetu wa Maskati na Dubai ukiwauliza, wanamjua Mandela tu. Basi nawaambia habari za huyu, na nakiri nampenda kwa kuwa alikuwa mwalimu. Mimi nami nilisoma sekondari ya misheni, kisha nikashika chaki.

Alizaliwa karibu na Bulawayo, mnamo 1898, akalelewa Groutville, kaskazini ya Durban. Alipewa nafasi ya kwenda Fort Hare kusoma zaidi, akaikataa ili apate mshahara wa kumtunza mamake. Wangapi leo wangefanya hivyo? Akafundisha Adams College, shule ya misheni kusini ya Durban, na huko akamuoa Nokukhanya, mwalimu mwenzake, 1927. Watu wa Groutville walipomtaka awe chifu alikubali, ingawa mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa ualimu.

Mwaka 1952 serikali ilimpa shauri: uchifu au chama cha ANC. Hakuacha chama. Wakamvua uchifu, na mwezi wa Desemba akachaguliwa rais wa ANC. Kuanzia hapo ni marufuku juu ya marufuku. Asihutubie, asitoke wilayani. Hata hivyo Desemba 1961 walimruhusu kwenda Oslo kupokea Nishani ya Nobel ya Amani ya 1960, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Tarehe 21 Julai 1967 alikutwa ameumia kichwa karibu na reli, akafia hospitali ya Stanger siku ile ile. Zama zile mashine ya kupiga picha ya ubongo ndani ya fuvu, hii tuiitayo skani, ilikuwa bado haijatumika popote. Uchunguzi wa serikali ukasema amegongwa na treni darajani. Familia haikukubali hata siku moja.

Kesi ilifunguliwa upya 2025. Tarehe 30 Oktoba Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg ikaamua kuwa hakugongwa na treni: alipigwa, fuvu likavunjika, damu ikavuja ubongoni. Nokukhanya hakuyasikia hayo. Alifariki 1996.