Karani wa Tanga

Palikuwa na karani mmoja, jina lake Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani karibu na Tanga, mji wa pwani, mbali sana mashariki ya Bunia. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, basi. Chuo kikuu hakukiona. Halafu akaingia kazi ya serikali katika forodha.

Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na jamaa yake. Mashairi yalingoja mpaka kazi iishe. Watu wengi husema hawana nafasi ya kuandika. Shaaban naye hakuwa nayo, aliitafuta. Mashairi yake aliyapeleka kwa gazeti la Mambo Leo, na wasomaji wakaanza kumjua. Tena ziko barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, tangu 1931 hata 1958. Hata barua ya ndugu yataka maneno yaliyopangwa vizuri.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa utenzi juu ya vita vya 1939 hata 1945. Katika utenzi kila ubeti una mistari minne. Mitatu ya kwanza huishia kwa sauti moja. Wa nne hushika sauti yake, na sauti hiyo hurudi katika kila ubeti mpaka mwisho. Jaribu kutunga beti kumi tu, utaona taabu yake. Yeye alitunga yapata 3,000.

Akafariki Juni 1962, utenzi haujachapwa bado. Ulitoka kitabuni mwaka 1967.