Kinjikitile Ngwale na Wanahistoria Wake
Kinjikitile Ngwale alikuwa mganga wa Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo. Yasimuliwa kuwa mwaka 1904 alizama kidimbwini, akaibuka kesho yake nguo zikiwa kavu, amepagawa na Hongo. Wakati huo Wadachi walikuwa wakiwashurutisha Wamatumbi kulima pamba. Watu walimiminika Ngarambe kupokea maji yaliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Mnamo Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita viliendelea bila yeye hadi 1907.

Wakoloni walimwandika kuwa mchawi mlaghai. Taswira hiyo ilipinduliwa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza, mwaka 1968, kukusanya masimulizi ya wazee. Katika kazi za Gilbert Gwassa, mganga akawa mwunganishi wa makabila. Na tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969, Kinjeketile, ikamfikisha madarasani. Hata hivyo, wanahistoria wa baadaye, wakiwemo James Giblin na Jamie Monson katika kitabu cha 2010, walitilia shaka umoja huo: kila eneo lilikuwa na ugomvi wake, na maji hayakupewa maana moja kila mahali.

Almuradi, taifa changa lilihitaji shujaa, nalo likampata. Kumrejesha Ngarambe si kumvunjia heshima. Ni kuwapa nafasi wale wengine waliopigana kwa sababu zao wenyewe.