Richard Francis Burton

Richard Francis Burton (Torquay, Uingereza, 19 Machi 1821 – Trieste, 20 Oktoba 1890) alikuwa mwanajeshi, mpelelezi, mwandishi na mfasiri Mwingereza. Katika historia ya Afrika ya Mashariki anajulikana kwa safari aliyoianzia Unguja mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke, iliyowafikisha kwenye Ziwa Tanganyika. Miaka miwili kabla ya safari hiyo alichomwa mkuki mdomoni, na kovu la jeraha hilo lilibaki shavuni mwake maisha yake yote.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa afisa wa jeshi, na Burton alilelewa kwa sehemu kubwa Ufaransa na Italia. Alisoma Oxford lakini alifukuzwa chuoni mwaka 1842. Akajiunga na jeshi la Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, akapelekwa Sindh, na huko alijifunza lugha kadhaa za Uhindi pamoja na Kiarabu na Kiajemi. Mwaka 1853 alifika Makka akiwa amejifanya Mwislamu anayekwenda kuhiji. Mwanzoni mwa 1855 aliingia Harar, mji ambao wakati ule Wazungu hawakuruhusiwa kuuingia.

Jeraha la Berbera

Mwezi Aprili 1855 Burton alikuwa Berbera, kwenye pwani ya Wasomali, akiandaa safari ya kwenda bara. Wenzake walikuwa maafisa watatu: Speke, Herne na Stroyan. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Aprili kambi yao ilishambuliwa. Stroyan aliuawa. Speke alikamatwa, akachomwa mara kumi na moja, kisha akafaulu kutoroka. Burton alichomwa mkuki ulioingia shavu moja na kutokea la pili. Uling'oa magego manne na kupasua kaakaa. Alikimbilia ufukweni mkuki ukiwa bado umekwama usoni, akaokolewa na chombo kilichokuwa bandarini.

Alipelekwa Aden, kisha akarudishwa Uingereza kutibiwa. Alipona haraka. Mwaka huohuo alikwenda kwenye Vita ya Krimu, ambako alitumika katika kikosi cha wapanda farasi.

Tiba ya taya katika zama zake

Wakati huo madaktari hawakuwa na njia nyingi za kutibu taya lililovunjika. Mara nyingi walilifunga kwa kitambaa kilichopita chini ya kidevu na juu ya kichwa, na mgonjwa akalishwa uji na supu. Shida ilikuwa taya la chini. Hilo huvutwa na misuli yenye nguvu kila mtu anaposema, anapomeza au kupiga miayo, na mfupa usiotulia hauungi vizuri. Ukiunga upande, meno ya juu na ya chini hayakutani tena, na kutafuna huwa taabu. Taya la juu limeshikamana na fuvu, kwa hiyo halina mwendo wa namna hiyo.

Mwaka 1887 daktari wa meno Mmarekani Thomas Gilmer alieleza njia ya kuzungushia waya meno ya juu na ya chini, kisha kuzifunga waya hizo pamoja. Meno hukutana kama yalivyokuwa kabla ya ajali, na taya la juu hulishikilia la chini hadi mfupa uunge. Kwa kawaida mgonjwa hukaa mdomo umefungwa kwa wiki nne hadi sita. Hula vyakula vya majimaji tu, na kifaa cha kukatia waya huwekwa karibu naye, kwa kuwa akitapika anaweza kupaliwa. Njia hiyo ingali inatumika, ingawa siku hizi madaktari hutumia pia vibati vidogo vya chuma vinavyokazwa kwenye mfupa kwa skrubu. Gilmer alipoieleza, miaka 32 ilikuwa imepita tangu Burton ajeruhiwe.

Unguja

Burton na Speke walifika Unguja mwezi Desemba 1856. Sultani Sayyid Said alikuwa amefariki baharini miezi miwili kabla yake, na mwanawe Sayyid Majid ndiye aliyeshika utawala wa Zanzibar. Wageni hao walipokewa na konseli wa Uingereza, Atkins Hamerton, ambaye afya yake ilikuwa imedhoofika sana. Nyumba ya ubalozi huo bado ipo Shangani, katika Mji Mkongwe.

Mwanzoni mwa 1857 walifanya safari ya majaribio hadi Pemba, Mombasa, Pangani na Fuga, mji wa Kimweri huko Usambara. Walirudi Unguja wakiwa na homa kali. Mwezi Juni walivuka kwenda bara. Hamerton aliwasindikiza hadi pwani ya Mrima, na alifariki mwezi uliofuata.

Safari ya bara

Msafara uliongozwa na Said bin Salim, na miongoni mwa watumishi alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani Uhindi. Walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, na Ujiji mwezi Februari 1858. Wakati huo Burton hakuweza kutembea, naye Speke alikuwa karibu kipofu.

Kinywa kilimsumbua Burton tena. Walipokwenda Uvira kwa mitumbwi ili kujua kama Mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka, ulimi wake ulikuwa na vidonda hata akashindwa kusema. Waliambiwa na wenyeji kuwa mto unaingia ziwani. Speke naye aliingiwa na mdudu sikioni. Uso ulimvimba, na kwa siku kadhaa alikunywa mchuzi tu kwa sababu hakuweza kufumbua mdomo.

Mwezi Agosti 1858 Speke, bila Burton, alifika ziwa kubwa la Nyanza, akaliita Viktoria. Dai lake kwamba hilo ndilo chanzo cha Mto Naili liliwagombanisha wawili hao hadi kifo cha Speke mwaka 1864.

Ugomvi wa malipo

Walirudi Unguja mwezi Machi 1859, wakati mji ulikuwa umekumbwa na kipindupindu. Burton alikataa kumlipa Said bin Salim na baadhi ya watu wa msafara zawadi walizosema kuwa Hamerton aliwaahidi, akidai hawakutumika vema. Konseli mpya, Christopher Rigby, aliwatetea, na serikali ya Uhindi ilimlaumu Burton. Watu hao walikuwa wamewafikisha ziwani na kuwarudisha salama wagonjwa wawili, mmoja wao akiwa amebebwa sehemu kubwa ya njia.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1861 Burton alimwoa Isabel Arundell. Alikuwa konseli Fernando Po, Santos, Dameski na hatimaye Trieste. Kitabu chake kuhusu Zanzibar kilitoka mwaka 1872, baada ya mswada wake kupotea kwa miaka kadhaa. Kina habari nyingi za mji, biashara na watu wa pwani, lakini pia dharau nyingi kwa Waafrika na Waarabu, hivyo kinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Kuanzia 1885 alichapisha tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela. Picha yake iliyochorwa na Frederic Leighton, inayoonyesha kovu la mkuki shavuni, imehifadhiwa London.