Edward Saidi Tingatinga: Miaka Minne ya Uchoraji Iliyozaa Mtindo wa Taifa

Jina Tingatinga hutajwa leo kama aina ya mchoro, na wengi hawakumbuki kwamba lilikuwa jina la mtu. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na mwishoni mwa muongo huo akahamia Dar es Salaam, ambako alijipatia riziki kwa kazi za bustani, za nyumbani na vibarua vingine.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa amesomea sanaa chuoni, wala hakuwa na fedha za kununulia turubai. Alitumia vipande vya bodi za dari na rangi ya kupakia baiskeli, vifaa vya aina inayopatikana hadi sasa katika maduka ya Kariakoo. Mara nyingi alichora mnyama au ndege mmoja akijaza ubao wote, nyuma yake ikiwa rangi moja tu. Michoro hiyo iliuzwa Morogoro Stores, eneo la Oysterbay, na wanunuzi wake wengi walikuwa wageni.

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafariki dunia akiwa na umri wa takribani miaka 40. Alikuwa amechora kwa miaka minne pekee.

Hata hivyo, kazi yake haikuzikwa pamoja naye. Alikuwa amekwisha kuwafundisha vijana, wengi wao ndugu zake, wakiwemo Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Omari Amonde. Walijifunza kwa kuketi kando yake na kushika brashi, nao wakawafundisha wengine kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1990 wachoraji hao walianzisha chama cha ushirika kinachobeba jina lake.

Mwaka 2010 mtindo huo uliingia katika filamu za katuni kupitia mfululizo wa watoto wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi, na wanyama wa ubaoni wakaanza kutembea na kusema mbele ya watazamaji wa nchi nyingi.

Maisha ya Tingatinga yanathibitisha kuwa ujuzi hudumu pale mwenye nao anapourithisha mapema, hata kama vifaa vyake ni duni na muda wake ni mfupi.