MAISHA YA RABINDRANATH TAGORE, MSHAIRI ALIYESHIKA PLAU

Wazee wetu na wanachama wote, baada ya hesabu za mwaka na taarifa za kamati, tumeona vema kuweka hapa habari za maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake yaweza kutufaa. Mtu huyo ni wa mbali, naye ni Rabindranath Tagore wa Bara Hindi. Wengi wamjua kuwa mshairi. Wachache wajua kwamba kwa miaka mingi alitafuta njia ya kuinua vijiji maskini, na kwamba katika kazi hiyo alizihesabu nyimbo, ngoma na ufundi wa mikono kuwa vyombo vya kazi, sawasawa na jembe na dawa.

Alizaliwa tarehe 7 Mei 1861 mjini Calcutta, katika nchi ya Bengali, katika jamaa ya matajiri wenye ardhi nyingi. Shule hakuipenda, na alipopelekwa Uingereza kusoma alirudi bila shahada. Mpaka alipokaribia umri wa miaka thelathini, shida za mkulima alizijua kwa kusikia tu. Ndipo baba yake akampa kazi ya kusimamia mashamba ya jamaa huko Bengali ya mashariki, nchi ambayo leo ni Bangladesh. Alikaa huko miaka mingi, mara nyingi ndani ya mashua yake juu ya mto Padma, akipokea kodi za wakulima na kusikiliza mashauri yao.

Huko aliona umaskini: madeni ya riba kubwa, maji mabaya, homa, na watu waliokwisha kukata tamaa, wakingoja serikali au mwenye ardhi awafanyie kila jambo. Lakini aliona na jambo jingine ambalo wakubwa wenzake hawakulitazama. Watu hao hao walikuwa na hazina ya nyimbo. Waimbaji maskini waitwao Baul walikwenda kijiji hata kijiji na zeze la uzi mmoja, wakiimba habari za Mungu na za moyo wa mwanadamu, nao Wahindu na Waislamu wakaketi pamoja kuwasikiliza. Tagore alizikusanya nyimbo za namna hiyo, akazipiga chapa, na sauti zake zikaingia katika nyimbo alizozitunga mwenyewe.

Katika mwaka wa 1905 serikali ya Kiingereza iliigawa Bengali sehemu mbili. Siku ya mgawo, 16 Oktoba, Tagore aliichukua desturi ya kale ya dada kumfunga kaka yake uzi mkononi, akaifanya kuwa alama ya umoja wa nchi nzima. Watu walipita katika njia za Calcutta wakiimba, wakifungana nyuzi, Wahindu na Waislamu. Mgawo ule ulifutwa mwaka wa 1911. Tagore mwenyewe alikuwa amejitenga mapema na siasa zile, kwa kuwa alichukizwa na fujo, na aliona ya kuwa hotuba za mjini haziongezi hata debe moja la maji safi kijijini.

Miaka hiyo ilikuwa ya msiba kwake. Mkewe alikufa mwaka wa 1902, binti yake mmoja mwaka wa 1903, baba yake mwaka wa 1905, na mwanawe mdogo mwaka wa 1907. Hata hivyo hakuifunga shule aliyokuwa ameianzisha mwaka wa 1901 mahali paitwapo Santiniketan, kwa wanafunzi watano tu, ambako masomo yalifundishwa chini ya miti na kuimba kulikuwa somo kama hesabu. Na wakati ambapo matajiri wa Calcutta waliwapeleka wana wao ng'ambo kusomea sheria, yeye alimpeleka mwanawe Rathindranath Marekani, mwaka wa 1906, kusomea kilimo.

Huko mashambani alikuwa ameanzisha pia, mahali paitwapo Patisar, benki ndogo ya kuwakopesha wakulima kwa riba nafuu. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka wa 1913, akiwa mtu wa kwanza wa Asia kuipata, fedha zake aliziweka katika benki hiyo ili faida isaidie shule. Mweka hazina yeyote wa chama angemwonya. Katika miaka ya 1930 ilikuja sheria ya kuwapunguzia wakulima madeni, mikopo haikurudi, na fedha zile zikapotea.

Sasa twafika kwenye kazi yenyewe. Tarehe 6 Februari 1922, katika kijiji cha Surul karibu na Santiniketan, Tagore alifungua kituo cha kuendeleza vijiji, kilichoitwa baadaye Sriniketan. Mkuu wake wa kwanza alikuwa kijana Mwingereza, Leonard Elmhirst, aliyesomea kilimo, na fedha nyingi za kuanzia zilitoka kwa mama mmoja tajiri wa Marekani, Dorothy Straight, ambaye aliolewa na Elmhirst mwaka wa 1925. Watu wa kituo walipopita vijijini walitaja adui watatu wa vijiji vile: tumbili, malaria, na watu kutoaminiana. Tumbili walikula mazao, malaria iliwaangusha watu wakati wa kulima, na kutoaminiana kulizuia kila shauri la pamoja. Sisi twaweza kuwaacha tumbili kando. Huyo wa tatu, wenye kuhudhuria mikutano yetu wamjua kwa sura.

Kwa malaria zilipatikana kwinini, kufukia madimbwi na vyama vya ushirika vya afya. Vijana walifundishwa kuzima moto na kusaidia wagonjwa. Lakini adui wa tatu hana dawa ya chupa. Mtu hawezi kuamrishwa amwamini jirani yake wa tabaka nyingine au dini nyingine. Hapo Tagore alitumia yale aliyoyajua kuliko watu wengine wa zama zake. Maonyesho ya mazao yalikwenda pamoja na nyimbo na michezo ya kuigiza, na watu waliokataa kuketi pamoja katika baraza waliketi pamoja kutazama mchezo. Ufundi uliokuwa ukifa, kama kufuma, ufinyanzi na useremala, ulifufuliwa na kuongezewa kazi za ngozi, na wachoraji wa Santiniketan, wakiongozwa na Nandalal Bose, walishirikiana na mafundi katika kubuni mapambo. Hivyo mkulima alipata senti za miezi ya kiangazi, na heshima yake juu ya hizo senti.

Katika mwaka wa 1928 alianzisha sikukuu mbili, ya kupanda miti na ya kulima. Katika hii ya pili ng'ombe walipambwa, ardhi ikachorwa maua, nyimbo zikaimbwa, na mshairi mwenyewe, mwenye umri wa miaka 67, akashika plau mbele ya watu. Katika nchi ambayo msomi aliona haya kushika udongo, tendo hilo lilikuwa na uzito. Baadhi yetu tuliokwenda shule tulifunzwa haya ya namna hiyo, na pamoja nayo haya ya ngoma za baba zetu; hata leo fedha za ngoma huandikwa mwisho wa hesabu, chini ya burudani.

Wenye kumlaumu hawakukosekana. Aliwapandisha jukwaani wasichana wa jamaa za heshima kucheza, jambo ambalo Calcutta ililiona aibu, naye akaketi jukwaani pamoja nao ili watu waone kwamba yumo. Kisha mapato ya michezo hiyo ndiyo yaliyolisha shule na chuo chake cha Visva-Bharati, kwa sababu michango haikutosha. Mwaka wa 1936, akikaribia miaka 75 na afya ikiwa dhaifu, alikuwa bado akisafiri kaskazini mwa Bara Hindi na kundi la wachezaji kutafuta fedha. Gandhi alipomwona Delhi alihuzunika kwamba mzee wa namna ile aombe kwa nchi nzima, akamtafutia rupia 60,000 kwa watu wenye uwezo, na safari ikakatishwa. Hapa mwandishi akiri kwamba huruma ya Gandhi yaeleweka. Lakini si hakika kwamba mzee yule alijiona mwombaji.

Alifariki tarehe 7 Agosti 1941 mjini Calcutta. Chuo chake kikawa chuo kikuu cha taifa mwaka wa 1951, na Sriniketan ni sehemu yake. Wimbo wa taifa wa India ni wake, na wa Bangladesh pia. Kila mwaka, katika ukumbusho wa kifo chake, miti hupandwa. Na siku ya pili yake ng'ombe hupambwa huko Sriniketan, nyimbo zikaimbwa, na plau ikaingia ardhini.