Bibi Aliyeigundua Ndege Isiyo na Rubani

Wapo watu ambao starehe yao ni kutazama picha za ndege ndogo zisizo za kawaida na kuzitambua. Mmoja hukagua mabawa yalivyokaa, mwingine mkia, mwingine mahali ilipofungwa injini, mpaka ubishi ukatike. Kwa wengi huo ni mchezo tu. Lakini kwa marehemu Bi. Constance Babington Smith wa Uingereza, mapenzi hayo yaligeuka kazi iliyohusu roho za watu.

Bi. Babington Smith alizaliwa tarehe 15 Oktoba, 1912. Katika ujana wake alifanya kazi ya kutengeneza kofia za wanawake jijini London, ingawa moyo wake ulikuwa kwenye ndege, na akawa akiandika habari zake katika gazeti la The Aeroplane. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, mnamo mwaka 1940 alijiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la anga. Mwaka uliofuata alianzisha idara ya kutambua ndege za adui katika picha, huko Medmenham, karibu na mto Thames.

Kazi hiyo ilitaka subira. Picha zilipigwa kutoka juu sana, hata ndege nzima ikaonekana kama chembe. Bibi huyu alizichungua kwa kioo cha kukuzia, akapima upana wa mabawa na kusoma vivuli vilivyolala chini. Aliyezijua barabara ndege za kila siku ndiye aliyeweza kushtuka akiona ngeni.

Katikati ya mwaka 1943, katika picha za Peenemünde, kituo cha majaribio cha Wajerumani kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki, aliona ndege ndogo zisizo na mkia wa kawaida. Zilikuwa Me 163, zilizoendeshwa kwa nguvu ya roketi. Baadaye mwaka huo aliombwa atafute ndege ndogo zaidi, isiyo na rubani. Alirudia picha za zamani na kuona kimsalaba kilichokuwa kimepita machoni pa watu, mabawa yake yakikadiriwa futi 20 tu. Kisha, katika picha iliyopigwa tarehe 28 Novemba, 1943, akaiona ndege kama hiyo imekaa juu ya reli iliyoinuka, tayari kurushwa. Hilo lilikuwa bomu la V-1.

Ugunduzi huo ulifumbua fumbo la reli za namna hiyo zilizokuwa zikijengwa kaskazini mwa Ufaransa, nyingi zikielekea London. Mwezi wa Desemba zilianza kushambuliwa. Wajerumani walijenga nyingine, na mabomu yakaanza kuanguka Uingereza tarehe 13 Juni, 1944. Watu zaidi ya 5,000 walikufa. Lakini hayakuja kwa ghafla, na hayakuwahi kuzuia majeshi kutua Normandy wiki moja kabla.

Bi. Babington Smith hakuifanya kazi hiyo peke yake: marubani walihatarisha maisha yao ili picha zipatikane, na wenzake walizichambua pamoja naye. Baada ya vita Marekani ilimtunukia nishani, naye akaandika vitabu, kikiwemo cha maisha ya Amy Johnson, rubani mwanamke mashuhuri. Alifariki mwaka 2000.

Alilolipenda kwa starehe alilijua kwa kina, na siku ya haja lilipofika, jicho lake lilikuwa tayari.