Mchungaji wa kwenye noti ya kwacha na kanisa lililolipuliwa kwa baruti

Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kubadilisha fedha Kasumulu kabla ya kuvuka Mto Songwe kuingia Malawi huenda amemshika mkononi bila kumjua. Ni John Chilembwe, ambaye picha yake imechapishwa kwenye noti za kwacha 500 na 2,000. Waliosikia habari zake humtaja kama mtu aliyeinua silaha dhidi ya Waingereza mwaka 1915. Lakini mapigano yenyewe yalidumu siku chache tu. Kwa miaka 15 kabla ya hapo alikuwa mchungaji wa Kibaptisti mwenye waumini, shule, mashamba na madeni, na bila kulielewa kanisa lake ni vigumu kuelewa kwa nini mambo yaliishia katika damu.

Chilembwe alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1870 katika eneo la Chiradzulu, kusini mwa nchi ambayo Waingereza waliiita Nyasaland. Alipata elimu yake ya kwanza kwa wamisionari wa Kiskoti, Blantyre. Mwaka 1892 akaajiriwa kama mtumishi wa nyumbani na Joseph Booth, mmisionari Mwingereza ambaye walowezi wenzake hawakumpenda kwa sababu alihubiri kwamba Afrika ni ya Waafrika na kwamba wastahili malipo ya haki. Mwaka 1897 wawili hao walisafiri kwenda Marekani. Huko waliachana, na Wabaptisti weusi wakamchukua Chilembwe na kumsomesha katika chuo cha teolojia cha Lynchburg, Virginia. Aliwakuta watu ambao wazazi wao walikuwa watumwa, nao sasa wanaendesha makanisa, vyuo na magazeti yao wenyewe. Jambo hilo alirudi nalo nyumbani.

Alirejea mwaka 1900 akiwa mchungaji kamili, akifadhiliwa na jumuiya ya Wabaptisti weusi wa Marekani. Alinunua ekari 93 huko Mbombwe, Chiradzulu, akaanzisha Providence Industrial Mission. Wamarekani weusi wawili, Landon Cheek na Emma DeLany, walikuja kumsaidia kwa miaka michache. Kufikia 1912 alikuwa na shule saba zenye wanafunzi zaidi ya 900. Walilima pamba, kahawa na chai. Wanawake walifundishwa kushona. Mchungaji alisisitiza waumini wake wavae nguo safi za heshima, suti kwa wanaume na gauni kwa wanawake, jambo lililowakera walowezi waliozoea kumwona Mwafrika akivua kofia kila anapopita mzungu.

Kwa wasomaji wa gazeti hili, sehemu inayogusa zaidi pengine ni ile isiyotajwa sana mashuleni. Mwaka 1909 Chilembwe alianzisha chama cha ushirika cha Waafrika waliokuwa wakilima na kufanya biashara, chama ambacho wanahistoria wamekifananisha na mbegu ya chemba ya biashara. Wanachama wake walikuwa wenye maduka madogo na wakulima wa mazao ya kuuza, watu wenye mtaji kidogo na hesabu zao daftarini. Walikuwa wakilipa kodi, lakini mikopo na ardhi nzuri vilikuwa vya wazungu. Wengi walikuwa pia viongozi katika makanisa, na baadhi yao ndio waliomfuata hadi mwisho.

Kati ya 1911 na 1913 waumini walijenga kanisa kubwa la matofali hapo Mbombwe, wakaliita Yerusalemu Mpya. Katika picha iliyopigwa mwaka 1914 Chilembwe amesimama kando ya mmisionari wa kizungu, kofia kichwani, haijavuliwa. Picha hiyo ndiyo iliyotumiwa na msanii wa Malawi, Samson Kambalu, kutengeneza sanamu iliyosimamishwa Trafalgar Square, London, mwaka 2022.

Tatizo lilikuwa jirani. Shamba la Magomero, mali ya familia ya Bruce waliotokana na binti wa David Livingstone, lilikuwa na ekari zipatazo 169,000. (Magomero ni palepale walipofika wamisionari wa UMCA mwaka 1861, kabla ya kushindwa na kuhamia Zanzibar.) Walioishi ndani ya shamba hilo walilipa kodi ya pango kwa nguvu zao, utaratibu ulioitwa thangata. Neno hilo maana yake ni msaada, lakini huo haukuwa msaada. Mwezi mmoja wa kazi ulirefushwa kadiri msimamizi alivyotaka, tena wakati wa mvua, mtu alipotakiwa kuwa shambani kwake. Wengi walikuwa Walomwe waliovuka kutoka Msumbiji wakikimbia ukatili wa Wareno, na wageni hawa ndio waliojaza viti vya Chilembwe. Msimamizi, William Jervis Livingstone, hakutaka kanisa wala shule ya Mwafrika ndani ya shamba lake. Waumini walipojenga, yeye alichoma moto.

Mwaka 1913 kulikuwa na njaa. Fedha kutoka Marekani zilipungua na wadai wakamwandama mchungaji, ambaye pia alisumbuliwa na pumu na macho yaliyokuwa yakififia. Kisha ikaja vita. Septemba 1914 askari wa Kiafrika walikufa Karonga wakipigana na Wajerumani waliotokea Tanganyika. Chilembwe aliandika barua gazetini akiuliza kwa nini maskini wasio na mali ya kulinda ndio wapelekwe kufa, huku matajiri na wenye maduka makubwa wakibaki. Wakaguzi wa serikali waliizuia barua hiyo.

Jumamosi usiku, Januari 23, 1915, wafuasi wake waliingia Magomero. Wanaume watatu wa kizungu waliuawa, Livingstone akiwa mmoja wao, naye alikatwa kichwa. Wanawake na watoto hawakudhuriwa, wakaachiwa. Kundi jingine lilivamia ghala la kampuni ya Mandala mjini Blantyre kutafuta bunduki, likapata chache. Kesho yake Chilembwe aliongoza ibada kanisani huku kichwa cha Livingstone kikiwa kimewekwa mbele ya waumini. Sherehe za kitaifa hupenda kuruka sehemu hii. Tusiiruke, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha umbali aliosafiri mtu aliyeanza na shule na cherehani.

Barua ya kuomba msaada ilitumwa kwa Wajerumani ng'ambo ya mpaka, lakini umati aliotarajia uinuke haukuinuka. Januari 26 askari waliingia Mbombwe bila kupigwa risasi, wakalilipua kanisa la matofali kwa baruti. Februari 3 Chilembwe aliuawa kwa risasi na askari wa Kiafrika, karibu na mpaka wa Msumbiji, akijaribu kuvuka. Wafuasi wapatao 40 walinyongwa au kupigwa risasi, na takriban 300 wakafungwa. Tume ya serikali ilikiri baadaye kwamba hali ya Magomero ilichangia, lakini thangata iliendelea kwa miongo kadhaa.

Ushirika ulitawanyika, misheni ikafungwa kwa miaka 11. Aliyeufufua alikuwa Daniel Malekebu, mwanafunzi wa zamani wa Emma DeLany, ambaye akiwa kijana alimfuata mwalimu wake hadi Marekani na kuhitimu udaktari mwaka 1917. Serikali ilimkatalia kuingia nchini alipojaribu mara ya kwanza. Mwaka 1926 aliruhusiwa, akafika Mbombwe na mkewe Flora Zeto, mzaliwa wa Kongo aliyesoma Atlanta. Walifungua zahanati na shule, na kanisa likajengwa upya pale pale lilipobomolewa. Bado watu wanasali hapo.

Januari 15 ya kila mwaka ni Siku ya John Chilembwe, sikukuu ya taifa Malawi. Viongozi huhudhuria ibada ya kumbukumbu, na siku hiyo benki na ofisi za serikali hufungwa.